Fahamu Chanzo cha Uvimbe wa Tumbo Unaojitokeza Wenyewe kwa Panya wa Maabara

Na Mwandishi Wetu

Taarifa nyingi za utafiti wa saratani humfikia mwananchi zikiwa zimebaki mstari mmoja: dawa fulani imepunguza uvimbe kwa panya. Ni mara chache hufafanuliwa panya hao walikuwa wa aina gani, uvimbe wao ulipandikizwa au ulizuka wenyewe, na kilichouzua kilikuwa nini. Mgonjwa na ndugu zake wanaousoma mstari huo hubaki na maswali mawili, yaani iwapo dawa imepatikana na itafika lini.

Makala hii inaeleza habari za panya wa aina moja tu, wanaojulikana kitaalamu kama panya wa gp130 F/F. Panya hao waliundwa katika jiji la Melbourne nchini Australia na taarifa za uvimbe wao zilichapishwa mwaka 2002. Huota uvimbe ndani ya mfuko wa chakula bila kulishwa sumu, bila kudungwa seli za saratani na bila kuambukizwa bakteria anayefahamika kusababisha saratani ya tumbo kwa binadamu. Kwa sababu hiyo uvimbe wao huelezwa kuwa ni wa kujitokeza wenyewe. Msemo huo usimpotoshe msomaji. Uvimbe huo una chanzo, na wanasayansi wamekifuatilia kwa miaka mingi kwa namna inayofanana na upelelezi wa shauri lenye washukiwa wengi, ambamo kila mshukiwa huondolewa mmoja baada ya mwingine ili ionekane kama tukio litaendelea kutokea.

Shauri lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 968,000 waligundulika kuwa na saratani ya tumbo duniani mwaka 2022 na wengine wapatao 660,000 walifariki kutokana nayo. Saratani hiyo inashika nafasi ya tano kwa wingi wa wagonjwa wapya na nafasi hiyohiyo kwa wingi wa vifo. Wagonjwa wengi hugundulika wakati ugonjwa umekwisha kusambaa, kwa kuwa dalili za mwanzo ni kiungulia, tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula, mambo ambayo mtu huyavumilia au huyatuliza kwa dawa za kununua dukani. Hivyo hatua za mwanzo kabisa za ugonjwa huu kwa binadamu hupita bila shahidi. Kwa panya wa Melbourne hatua hizo zinaweza kutazamwa wiki baada ya wiki.

Panya anayezungumziwa

Kiswahili hutumia neno panya kwa wanyama wa maumbo mbalimbali. Msomaji wa Tanzania anaposikia habari za panya na utafiti, huenda akawakumbuka kwanza panya buku wanaofunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, ambao hunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Hao ni wanyama wakubwa na kazi yao ni ya pua. Panya wa makala hii ni mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Mimba yake huchukua takribani wiki tatu, naye huishi miaka miwili au zaidi kidogo. Ufupi huo wa maisha ndio humwezesha mtafiti kuona kizazi baada ya kizazi ndani ya mwaka mmoja.

Mfuko wa chakula wa panya huyu una sehemu mbili. Sehemu ya juu haina tezi, hutunza chakula kwa muda, na binadamu hana mfano wake. Sehemu ya chini ina tezi zinazotoa tindikali, vimeng'enya na ute, na hiyo ndiyo inayofanana na tumbo la binadamu. Tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa, kwa sababu uvimbe wa panya unaoota katika sehemu ya juu hauna mengi ya kumfundisha daktari wa watu. Uvimbe wa panya wa gp130 F/F huota katika sehemu ya chini yenye tezi, karibu na mlango wa kuingilia utumbo mwembamba.

Panya wa kawaida wa maabara ni nadra sana kupata uvimbe katika eneo hilo, hata akizeeka. Panya wa gp130 F/F huupata wote, na huupata wakiwa vijana: ifikapo miezi mitatu ya umri, uvimbe unaonekana kwa macho. Wanaishi katika vizimba vya namna moja na ndugu zao wasio na badiliko hilo, hula chakula kilekile na kunywa maji yaleyale. Kinachowatofautisha ni jambo moja tu.

Chembe moja ya oksijeni

Jambo hilo limo katika protini iitwayo gp130. Protini hiyo ni kipokezi, yaani chombo kinachokaa katika ngozi ya seli, upande mmoja ukitazama nje na upande mwingine ukining'inia ndani kama mkia. Kazi yake ni kupokea ujumbe unaoletwa na vijumbe vya kemikali vinavyoitwa saitokini, ambavyo seli huvitoa ili kuarifiana kuhusu jeraha, maambukizi au haja ya kuzaliana. Miongoni mwa saitokini zinazoitegemea gp130 ni intaleukini-6 na intaleukini-11, na zipo nyingine kadhaa. Kila moja huwa na msaidizi wake maalumu nje ya seli, lakini zote huishia kutumia mkia huohuo mmoja kuingiza ujumbe ndani.

Mkia huo una sehemu za asidi amino iitwayo tirosini. Saitokini inapotua nje, tirosini hizo huvishwa fosfeti, na kila tirosini iliyovishwa huwa kama ndoano ambayo protini maalumu za ndani huja kujishika. Ndoano zilizo mwishoni mwa mkia huzishika protini za STAT, hususan STAT3. Ikishaamshwa, STAT3 huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni zinazoiambia seli iishi, ikue na igawanyike. Ndoano nyingine, iliyo katika nafasi ya 757, hushika protini mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni SHP2, ambayo hupeleka ujumbe wake kwa njia nyingine isiyopitia STAT3. Ya pili ni SOCS3, na hii ni breki. STAT3 yenyewe ndiyo inayoagiza SOCS3 itengenezwe, kisha SOCS3 hurudi kwenye nafasi ya 757 na kuuzima ujumbe. Kwa mpango huo seli inayoamriwa kukua hujiwekea yenyewe kikomo.

Watafiti wa Melbourne, waliokuwa katika Taasisi ya Ludwig ya Utafiti wa Saratani, waliibadilisha nafasi hiyo ya 757 pekee. Waliondoa tirosini na kuweka asidi amino nyingine iitwayo fenilalanini, ambayo alama yake ya herufi ni F. Panya akirithi badiliko hilo kutoka kwa baba na kwa mama, huandikwa F/F. Tirosini na fenilalanini hutofautiana kwa chembe moja tu ya oksijeni. Lakini fosfeti hujishikiza kwenye chembe hiyo, na isipokuwepo, hakuna ndoano. SHP2 haina pa kukaa, na SOCS3 nayo haina.

Kazi hiyo ililenga kutenganisha majukumu ya njia mbili za gp130. Kuiondoa protini nzima hakukuwezekana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu vijusi vya panya wasio na gp130 kabisa hufa kabla ya kuzaliwa. Ndipo ikachaguliwa njia ya kukata kipande kimoja kimoja. Pamoja na panya wa F/F, waliundwa ndugu zao waliokatwa mwisho wa mkia, pale zinaposhikwa protini za STAT. Matokeo yake yalikinzana kwa namna ya kushangaza. Panya waliokosa njia ya STAT walipata vidonda katika njia ya chakula ambavyo havikupona vyema, na viungo vyao viliugua. Panya wa F/F, waliokosa nafasi ya 757, walipata uvimbe wa tumbo. Protini moja, mkia mmoja: ukikatwa upande huu jeraha halifungi, ukiharibiwa upande ule nyama inaota kupita kiasi.

Mshukiwa wa kwanza: ngao iliyopungua

Badiliko la nafasi ya 757 lilileta hitilafu mbili kwa wakati mmoja, nalo hilo ndilo lililoufanya upelelezi kuwa mgumu. Njia ya SHP2 ilikatika, na njia ya STAT3 ilibaki bila breki. Ni ipi kati ya hizo mbili iliyozaa uvimbe?

Mwanzoni macho yalielekezwa kwenye njia iliyokatika, na kulikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1996, watafiti wa Strasbourg nchini Ufaransa walikuwa wameeleza kuhusu panya wasio na jeni ya TFF1, protini ambayo seli za tumbo huitoa pamoja na ute ili kuulinda utando wa ndani dhidi ya tindikali na kuusaidia kujiponya. Panya hao wote walipata uvimbe katika sehemu ileile ya chini ya mfuko wa chakula, na takribani asilimia 30 miongoni mwao uvimbe uligeuka kuwa saratani ya hatua za mwanzo. Panya wa F/F walipopimwa walionekana kuwa na TFF1 kidogo kuliko kawaida, na uvimbe wao ulifanana na wa panya wa Strasbourg. Maelezo yakawa mepesi kueleweka: njia ya SHP2 ikikatika, ngao ya tumbo hupungua, na tumbo lisilo na ngao huota uvimbe.

Maelezo hayo hayakuwa na kosa, ila hayakutosha. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililogusa njia ya pili. Panya wa F/F walizalishwa pamoja na panya waliopungukiwa na nakala moja kati ya nakala mbili za jeni ya STAT3. Watoto waliopatikana walikuwa bado na badiliko la F/F, na njia ya SHP2 bado imekatika kama awali, lakini kiasi cha STAT3 katika seli zao kilikuwa kimepungua. Uvimbe wao ulizuilika kwa kiwango kikubwa. Iwapo njia iliyokatika ingekuwa ndiyo chanzo pekee, kupunguza STAT3 kusingebadilisha kitu. Lawama ikahamia kwenye njia isiyo na breki.

Utafiti huohuo ulionyesha sehemu nyingine ya madhara. Seli za tumbo hupokea pia amri ya kuacha kukua, inayoletwa na kijumbe kiitwacho TGF-beta. STAT3 inayofanya kazi bila kupumzika huongeza protini iitwayo SMAD7, na SMAD7 huzuia amri hiyo isifike. Hivyo seli ya panya wa F/F husukumwa ikue na wakati uleule huzibwa masikio isisikie inapoambiwa isimame. Utando wa ndani wa tumbo ni mahali ambapo seli nyingi za juu hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, na kwa sababu hiyo hitilafu ndogo katika hesabu ya kuzaliwa na kufa huonekana huko mapema kuliko katika viungo vingi.

Nani anayebonyeza kengele

Hapa lazima ieleweke jambo ambalo ni rahisi kulikosa. Badiliko la F/F haliiwashi gp130 lenyewe. Kipokezi hicho kinafanana na kengele ambayo, ikishabonyezwa, huendelea kulia bila kukoma, lakini bado anahitajika mtu wa kuibonyeza. Saitokini gani ilikuwa inaibonyeza katika tumbo la panya hawa?

Karibu kila aliyefuatilia suala hilo angeitaja intaleukini-6. Ndiyo saitokini mashuhuri kuliko zote za kundi lake, na kiwango chake hupanda katika saratani nyingi za binadamu. Panya wa F/F walizalishwa wasiwe na intaleukini-6 kabisa. Uvimbe uliota kama kawaida.

Kisha panya wa F/F walizalishwa wakiwa hawana kipokezi saidizi cha intaleukini-11, yaani seli zao haziwezi kuisikia saitokini hiyo. Uvimbe haukuota. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yaliyo mazito kuliko mengine yote katika habari hii. Badiliko la jeni lilikuwepo, breki ilikuwa imeondolewa, na bado tumbo lilibaki salama kwa sababu aliyebonyeza kengele alinyamazishwa. Ugonjwa ulioonekana kuwa umeandikwa katika jeni ulihitaji pia ujumbe kutoka nje ya seli.

Intaleukini-11 haikuwa ngeni kwa madaktari. Tangu mwaka 1997 ilikuwa imeidhinishwa nchini Marekani kama dawa ya kuongeza chembe sahani za damu kwa wagonjwa ambao tiba ya saratani imewapunguzia chembe hizo. Kwa muda mrefu ilihesabiwa hasa kuwa ni kijumbe cha damu, na nafasi yake katika tumbo haikuwa imepewa uzito. Panya wa Melbourne ndio waliomtoa mshukiwa huyo kivulini.

Bakteria na mchochota

Swali lililofuata lilihusu kinachoifanya intaleukini-11 iwe nyingi. Tumbo la panya wa F/F lina mchochota wa kudumu, yaani ile hali ya tishu kuwaka, kujaa seli za kinga na kutotulia. Panya hao hawakuwa na bakteria wa Helicobacter pylori. Hata hivyo tumbo na utumbo havikosi bakteria wa kawaida, na watafiti walipowapa panya hao viuavijasumu, mchochota ulipungua na uvimbe ulikuwa mdogo zaidi. Haukutoweka wote. Bakteria hao wa kawaida hawakuuanzisha uvimbe peke yao, maana ndugu wasio na badiliko waliishi na bakteria wa namna hiyohiyo bila kudhurika. Walichofanya ni kuuchochea moto uliokwisha kuwa na kuni.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba mchochota ndio unaozaa uvimbe. Mwaka 2012, kundi jingine la watafiti jijini Melbourne, katika Chuo Kikuu cha Monash, lilichapisha matokeo yaliyoivuruga picha hiyo. Lilichunguza TLR2, kipokezi kinachotambua vipande vya bakteria, ambacho STAT3 hukiongeza katika seli za tumbo. Panya wa F/F waliokosa TLR2 walipata uvimbe kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Ila mchochota katika tumbo lao ulibaki vilevile. Ilidhihirika kuwa TLR2 hufanya kazi nyingine ndani ya seli za utando zenyewe, ya kuzisaidia ziishi na kuzaliana, mbali na kazi yake ya kuita askari wa kinga. Mchochota na uvimbe huenda pamoja mara nyingi, lakini kimoja si kivuli cha kingine.

Binadamu katika habari hii

Mwananchi asielewe kwamba watu hupata saratani ya tumbo kwa sababu ya badiliko hilo la nafasi ya 757. Kwa binadamu sababu kuu ni maambukizi ya muda mrefu ya Helicobacter pylori, bakteria aliyeoteshwa kwa mara ya kwanza na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, pia Australia, mwaka 1982. IARC ilimtangaza kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1994, na wagunduzi hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ni bakteria huyohuyo anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo. Hutambuliwa kwa kipimo cha pumzi, cha kinyesi au cha kipande cha utando kinachotolewa kwa mpira wenye kamera, na hutibiwa kwa mchanganyiko wa viuavijasumu na dawa za kupunguza tindikali unaotolewa kwa maelekezo ya daktari.

Njia ambayo maambukizi hayo hupitia hadi kuwa saratani ilichorwa tangu mwaka 1975 na mtaalamu wa patholojia kutoka Colombia, Pelayo Correa, pamoja na wenzake. Huanza mchochota wa kudumu, kisha tezi za tumbo hupungua, kisha utando wa tumbo huanza kuchukua sura ya utando wa utumbo, kisha seli hupoteza mpangilio, na hatimaye huja saratani. Safari hiyo huchukua miongo kadhaa. Panya wa F/F huipita sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miezi michache, naye huingia kwa mlango mwingine: kwa binadamu huanza bakteria na STAT3 huamka baadaye, kwa panya STAT3 hukosa breki tangu kuzaliwa. Kinachowaunganisha ni kilichomo njiani. Katika uvimbe mwingi wa tumbo wa binadamu STAT3 hukutwa ikiwa macho muda wote, na intaleukini-11 hukutwa kwa wingi kuliko kawaida.

Bara la Afrika lina nafasi yake katika mjadala huu. Mwaka 1992 lilichapishwa andiko lililouita msamaha wa aina yake "fumbo la Afrika": maambukizi ya Helicobacter pylori ni mengi sana barani, lakini idadi ya saratani ya tumbo iliyoripotiwa ilionekana ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Wapo wanaosema fumbo hilo ni la takwimu tu, kwa kuwa vipimo vya kamera ni vichache na wagonjwa wengi hufariki bila kuchunguzwa. Wengine walitafuta sababu katika mwili. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa panya walioambukizwa bakteria wa jamii ya Helicobacter walipata madhara madogo ya tumbo iwapo walikuwa pia na minyoo ya utumbo, kwa sababu minyoo iliugeuza mwelekeo wa kinga ya mwili na kupunguza ukali wake. Jaribio hilo halimpi mtu ruhusa ya kuacha dawa za minyoo. Minyoo huleta upungufu wa damu na kudumaza watoto. Linaonyesha tu kwamba namna mwili unavyojibu maambukizi huamua mengi, jambo ambalo panya wa F/F wanalionyesha kwa njia yao.

Mahali panya wanapokomea

Kwa kuwa chanzo kilikuwa kimefahamika, majaribio ya tiba yalifuata. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo mawili kwa panya hao wa Melbourne. Katika jaribio moja walipewa intaleukini-11 iliyobadilishwa umbo ili ikae kwenye kipokezi bila kukiamsha, nayo iliifungia nje ile halisi. Uvimbe ulipungua. Katika jaribio jingine walipewa everolimus, dawa iliyokwisha kutumika hospitalini kwa magonjwa mengine, ambayo huzima protini ya ukuaji iitwayo mTOR. Uvimbe ulipungua pia. Habari kama hizo ndizo hugeuka kuwa ule mstari mmoja uliotajwa mwanzoni.

Mwaka huohuo wa 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la everolimus kwa watu. Wagonjwa 656 wenye saratani ya tumbo iliyosambaa, kutoka nchi 23, waligawanywa katika makundi: wengine walipewa everolimus na wengine kidonge kisicho na dawa. Nusu ya waliopewa dawa walikuwa hai baada ya miezi 5.4, ikilinganishwa na miezi 4.3 kwa kundi jingine. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikuweza kuhesabiwa kuwa faida ya kurefusha maisha, na dawa haikuthibitishwa kwa ugonjwa huo.

Wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kutibiwa kwa dawa nyingine na ugonjwa ukarudi au ukaendelea. Saratani yao ilikuwa imekusanya mabadiliko mengi ya jeni kwa miaka, na ilikuwa imefika kwenye ini, kwenye utando wa tumbo na kwingineko. Uvimbe wa panya wa F/F huzuka kwa badiliko moja, hubaki mahali ulipoota, na wala kwa kawaida hausambai kwenye viungo vingine. Panya hao walipewa dawa wakiwa na miezi michache tangu uvimbe uanze, katika umri ambao kwa binadamu mwenye ugonjwa wa hatua hiyo asingekuwa na dalili wala sababu ya kwenda hospitali.